Urithi wa Sifa: Mwongozo kwa Familia, Wafugaji na Wakulima wa Kagera

Kila seli ya kiumbe hai hubeba maelekezo ya namna mwili wake unavyojengwa na kuendeshwa. Elekezo moja huitwa jeni. Jeni zimepangwa kwa mfuatano kwenye nyuzi ndefu za vinasaba, yaani DNA, na nyuzi hizo zimekunjwa kuwa vifungu viitwavyo kromosomu. Binadamu ana kromosomu 46, ng'ombe 60, maharage 22 na mahindi 20. Hesabu zote hizo zinagawanyika kwa mbili kwa sababu kromosomu hukaa kwa jozi, moja ya mama na moja ya baba. Mgomba wa matoke una 33, namba isiyogawanyika kwa mbili, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa mashambani Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kama itakavyoonekana mbele.

Mwili unapotengeneza yai au mbegu ya kiume, jozi huachana. Yai la mwanamke hupata kromosomu 23 tu, mbegu ya mwanamume 23 tu, na mimba inapotungwa hesabu hurudi 46. Kromosomu ipi ya jozi itaingia kwenye yai fulani ni bahati, kama sarafu inaporushwa. Kwa hiyo mzazi hampi mtoto sifa zake zote, bali nusu ya jeni zake, na kila mtoto hupata nusu yake tofauti. Ndiyo maana watoto wa baba mmoja na mama mmoja hufanana bila kuwa sawasawa. Mapacha wa kufanana pekee, waliotokana na yai moja lililogawanyika baada ya kutungwa, ndio wenye jeni zilezile.

Kinachoonekana na kilichofichika

Jeni moja inaweza kuwa na matoleo zaidi ya moja, na kila toleo huitwa aleli. Kiumbe hupata aleli mbili, moja kwa kila mzazi. Zikitofautiana, mara nyingi moja hujionyesha mwilini na nyingine hukaa kimya. Ile inayojionyesha huitwa aleli tawala, na inayokaa kimya huitwa aleli fiche. Aleli fiche haifi wala haidhoofiki. Hupita kizazi hadi kizazi na kujitokeza siku inapokutana na mwenzake.

Jambo hili linaonekana wazi zizini. Ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, wanaofugwa Kyerwa na ng'ambo ya Mto Kagera katika wilaya ya Isingiro ya Uganda, wengi wao ni wekundu. Friesian wa kawaida ni mweusi mwenye mabaka meupe. Fahali wa Friesian akipandishwa kwa jike mwekundu wa Ankole, ndama kwa kawaida hutoka mweusi, kwa kuwa aleli ya weusi hutawala ile ya wekundu. Anayemtazama ndama huyo anaweza kudhani rangi ya mama imekwisha. Haikwisha: kila chotara wa aina hiyo ana aleli moja ya weusi na moja ya wekundu. Chotara wawili wa namna hiyo wakipandishwa, kila ndama ana nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa mwekundu. Hata majike weusi wa Friesian waliosajiliwa huzaa ndama mwekundu mara mojamoja, na ndama huyo si ushahidi kwamba dume la jirani liliruka uzio. Huenda wazazi wote wawili walikuwa na aleli fiche.

Uwiano huo wa tatu kwa moja uligunduliwa na Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, katika nchi inayoitwa leo Ucheki. Alichavusha njegere zenye maua ya zambarau na zenye maua meupe. Kizazi cha kwanza chote kilitoa zambarau. Alipoiacha mimea hiyo ijichavushe yenyewe, alipata mimea 705 yenye maua ya zambarau na 224 yenye maua meupe. Alichapisha matokeo yake mwaka 1866, na dunia haikuyazingatia hadi mwaka 1900. Inafaa mkulima wa Kagera ajue pia kwamba Mendel alijaribu maharage. Rangi za maua yake zilitoka kwa ngazi nyingi kati ya nyekundu na nyeupe, naye akakisia kwamba rangi hiyo inaongozwa na zaidi ya jeni moja. Alikuwa sahihi.

Selimundu

Hakuna mahali ambapo elimu hii ina faida ya haraka kuliko katika ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Damu huwa nyekundu kwa sababu ya himoglobini, protini inayobeba hewa ya oksijeni. Jeni ya sehemu mojawapo ya protini hiyo iko kwenye kromosomu namba 11. Badiliko la herufi moja tu katika jeni hiyo hutoa himoglobini inayoitwa S badala ya A. Himoglobini S inapoishiwa oksijeni hujipanga kuwa nyuzi ngumu, na chembe ya damu iliyokuwa ya mviringo hupinda kama mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo, huleta maumivu makali ya mifupa, na hufa mapema, hivyo damu hupungua.

Mtu mwenye AA hana tatizo. Mwenye SS ni mgonjwa. Mwenye AS ni mbebaji: anaishi, analima, anacheza mpira na kuzeeka bila kujua, kwa sababu aleli A inatosha kumlinda. Mbebaji akizaa na mwenye AA, hakuna mtoto atakayekuwa na selimundu, ingawa kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto SS, mbili kati ya nne za mbebaji, na moja kati ya nne ya AA.

Hesabu hiyo hueleweka vibaya mara nyingi, na makosa yake ni ghali. Wazazi wenye mtoto mmoja mgonjwa huambiana kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama, kwa sababu zamu imekwisha. Hakuna zamu. Mimba ya pili ina nafasi ileile moja kati ya nne, na ya tano vilevile. Familia inaweza kupata watoto wanne wazima, na nyingine, yenye jeni zilezile, ikapata wagonjwa watatu kati ya wanne.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye mzigo mkubwa. Utafiti wa sampuli za damu za watoto wa mikoa ya kaskazini magharibi, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya watano ni mbebaji. Msomaji anaweza kuhakiki mwenyewe maana yake. Nafasi ya wachumba wawili wasio na undugu kuwa wabebaji wote ni moja ya tano mara moja ya tano, yaani jozi moja ya wachumba kati ya 25. Robo ya mimba zao hutoa mgonjwa, sawa na mtoto mmoja kwa kila 100. Utafiti huo ulikuta asilimia 1.2.

Wingi huo una sababu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kutoka Uganda na Kenya kwamba wenye AS huathiriwa na malaria kwa uchache kuliko wenye AA. Palipo na malaria nyingi, wabebaji waliokoka zaidi utotoni na kurithisha aleli S. Kwa hiyo selimundu haikuletwa na laana ya ukoo wala kosa la bibi. Ni alama ya vizazi vilivyoishi na mbu.

Kinachotakiwa kufanywa ni hiki. Wachumba wapime kabla ya ndoa, na waulize jibu kwa herufi: AA, AS au SS. Kipimo chepesi kinachoonyesha tu kwamba damu "inapinda" hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Kinachotofautisha ni kipimo cha kuchambua himoglobini, kinachofanyika katika hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Wakigundulika wote ni AS, uamuzi ni wao, lakini waufanye wakijua. Mtoto aliyezaliwa na wazazi wa namna hiyo apimwe mapema, kwa kuwa dalili huchelewa: himoglobini ya tumboni humlinda kwa miezi ya mwanzo, na mara nyingi ni baada ya miezi sita ndipo vidole vya mikono na nyayo vinapovimba na mtoto analia akiguswa. Mtoto wa namna hiyo si wa kukandwa kwa dawa za kienyeji nyumbani. Penisilini ya kinga, chanjo, dawa za kuzuia malaria na haidroksiyurea vimewafikisha wengi utu uzima.

Ualbino na lawama kwa mama

Ualbino hurithiwa kwa kanuni ileile ya aleli fiche. Aina iliyoenea zaidi Afrika Mashariki hutokana na hitilafu katika jeni iliyo kwenye kromosomu namba 15, inayohusika na kutengeneza rangi ya ngozi, nywele na macho. Kipande kilekile kilichokosekana kwenye jeni hiyo kimekutwa kwa watu wenye ualbino Tanzania, Kameruni na Afrika Kusini, dalili kwamba hitilafu hiyo ilitoka kwa babu mmoja wa kale kabla Wabantu hawajatawanyika.

Makadirio ya Tanzania ni mtu mmoja mwenye ualbino kwa kila 1,400 hivi. Kwa hesabu iliyotumika kwenye selimundu, hiyo ina maana kwamba takriban mtu mmoja kati ya 19 anabeba aleli hiyo bila dalili yoyote. Baba mweusi wa mtoto mwenye ualbino ametoa aleli moja sawa na mama. Kumfukuza mama kwa madai kwamba amezini au amelaaniwa ni dhuluma isiyo na hata chembe ya msingi. Mkoa wa Kagera una sababu ya pekee ya kulisema hili kwa sauti: mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino alitekwa nyumbani kwao wilayani Muleba na kuuawa. Kinachomtofautisha mtoto mwenye ualbino na wenzake ni rangi iliyokosa kutengenezwa, basi. Mahitaji yake ni kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, miwani na kiti cha mbele darasani.

Mtoto wa kike, wa kiume, na nani baba

Kati ya jozi 23 za binadamu, moja huamua jinsia. Mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X na Y. Yai daima hubeba X, kwa kuwa mama hana kingine cha kutoa. Mbegu ya mwanamume hubeba ama X ama Y. Mbegu yenye Y ikitangulia, mtoto ni wa kiume. Mume anayeoa mke wa pili kwa sababu wa kwanza amezaa mabinti watupu anamwadhibu asiyehusika. Hata huyo mume hakuchagua.

Makundi ya damu nayo huzua ugomvi usio wa lazima. Aleli A na B hutawala, O ni fiche. Baba wa kundi A na mama wa kundi B, kila mmoja akiwa amebeba O kwa siri, wanaweza kupata mtoto wa kundi O, na mtoto huyo ni wao. Kundi la damu haliwezi kuthibitisha kwamba fulani ndiye baba. Kipimo kinachothibitisha ni cha vinasaba, na nchini Tanzania kinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Ombi hupitia vyombo kama mahakama au ofisi ya ustawi wa jamii. Sampuli ya mtoto haichukuliwi kwa siri na kupelekwa na shangazi.

Sifa za jeni nyingi

Sifa nyingi ambazo watu huzitazama kwanza, kama urefu, weusi wa ngozi, umbo la pua, uzito, au lita za maziwa, haziongozwi na jeni moja. Jeni kumi, mia au zaidi huchangia kidogokidogo, na mazingira huongeza au kupunguza. Mtoto anaweza kuwa mweusi kuliko wazazi wote wawili kwa kukusanya aleli za weusi kutoka pande zote. Vitabu vingi vya shule vimefundisha kwamba uwezo wa kukunja ulimi ni sifa ya jeni moja. Si kweli: mapacha wa kufanana wamekutwa mmoja anakunja na mwenzake hawezi.

Kisukari cha ukubwani na shinikizo la damu viko katika kundi hili. Kinachorithiwa ni uwezekano, si ugonjwa wenyewe. Mwenye wazazi wenye shinikizo hana budi kupima mapema na kupunguza chumvi. Kwa upande mwingine, Virusi vya UKIMWI na kifua kikuu havirithiwi hata vikionekana kufuata familia. Huambukizwa, na maambukizi ya Virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto huzuilika kwa dawa.

Zizini

Wafugaji wa Karagwe walichagua mbegu karne nyingi kabla ya maabara. Pembe za ng'ombe ambao msafiri Mwingereza John Hanning Speke aliwaona katika himaya ya Mfalme Rumanyika mwaka 1861 zilikuwa matokeo ya uchaguzi: dume lenye pembe nzuri liliachwa lizalishe, jingine likachinjwa. Mfugaji wa leo hutafuta maziwa, na njia ni ileile, ila anahitaji daftari. Ndani yake ziandikwe tarehe ya kupandishwa, jina la dume au namba ya mrija wa uhimilishaji, na lita za kila jike. Bila kumbukumbu hizo, anayechagua mtamba kwa macho huchagua umbo, na umbo halikamuliwi.

Chotara wa kwanza, nusu Ankole nusu Friesian, mara nyingi humridhisha mwenye naye. Hupata maziwa ya baba kwa kiasi na ustahimilivu wa mama kwa kiasi, tena huwa na nguvu ya ziada inayotokana na kukutana kwa koo mbili zilizo mbalimbali. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kuwapandisha chotara kwa chotara wakitarajia ndama kama mama zao. Jeni huchanganyika upya: ndama mmoja atakamuliwa vizuri, mwingine atakuwa na mwili mkubwa usiostahimili ndigana kali, na nguvu ya ziada hupungua. Anayerudia damu ya Friesian atapata robo tatu, kisha asilimia 87.5. Hilo lina maana tu kwa mwenye majani ya kutosha, maji na josho. Kwa anayechunga kwenye nyika za Kyerwa bila nyongeza ya chakula, kubaki karibu na nusu ni busara kuliko kukimbilia damu halisi.

Hatari nyingine ni dume kukaa mno. Fahali akimpanda binti yake, ndama ana nafasi ya asilimia 25 kwamba aleli zake mbili za jeni yoyote ni nakala za aleli moja ya fahali huyo. Zile fiche zenye madhara ndipo hukutana, na matokeo ni mimba zinazotoka, ndama dhaifu na uzazi unaochelewa. Dume liuzwe au libadilishwe na la mbali kabla mitamba wake hawajafikia umri wa kupandwa, yaani kati ya miaka miwili na mitatu baada ya kuanza kazi. Kubadilishana na jirani ambaye dume lake lina baba mmoja na hilo hakusaidii.

Shambani

Mbegu ya kuhifadhi hutegemea namna mmea unavyozaa. Ua la haragwe hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka sawasawa, hivyo mbegu zake hufuata mama yao. Mkulima anaweza kuchagua mimea mizima isiyo na madoa na kutunza mbegu kwa misimu kadhaa. Mahindi huchavushwa kwa upepo. Mbegu chotara ya dukani ikipandwa tena kutoka ghalani hutoa shamba lenye mimea isiyolingana na mavuno yaliyoshuka. Hiyo si hila ya wauzaji. Ni mtawanyiko uleule wa chotara wa pili kama zizini. Kahawa ya robusta haiwezi kujichavusha, kwa hiyo kila punje ina baba mwingine, na mche wa punje hautabiriki. Ndiyo maana kituo cha utafiti wa kahawa cha Maruku huzalisha miche kwa vikonyo: kikonyo ni nakala kamili ya mti uliochaguliwa.

Mgomba umekwenda mbali zaidi. Seti zake tatu za kromosomu 11 haziwezi kugawanyika sawa, hivyo matoke hayana mbegu, na kila mgomba hutoka kwa chipukizi. Vizazi kwa vizazi hakukuwa na kuchanganya jeni. Utafiti wa vinasaba umeonyesha kwamba aina zote za matoke ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, zenye majina mengi katika kila kaya, karibu ni mmea mmoja uliobadilika kidogo kidogo. Ugonjwa unaoweza kuua mmoja unaweza kuua yote. Mnyauko wa bakteria ulioingia Kagera mwaka 2006 ulithibitisha hilo kwa kufyeka mashamba.

Watafiti wa Uganda na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, IITA, walipata njia kwa kuchavusha aina chache za matoke zenye uzazi kiasi kwa mgomba wa porini uitwao Calcutta 4, kisha kuchanganya tena. Kutokana na kazi hiyo, Tanzania iliidhinisha mwaka 2021 aina nne, TARIBAN 1 hadi 4, baada ya majaribio ambayo kituo cha Maruku cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kilishiriki. Nguvu yake ni mavuno na ustahimilivu wa ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Si kinga dhidi ya mnyauko. Kati ya migomba ya kula bado haujapatikana usioshambuliwa na mnyauko, kwa hiyo anayepanda TARIBAN na anayebaki na matoke ya bibi wana kazi moja: kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara tu kichane cha mwisho kinapotoka, kukata shina lenye majani ya njano na utomvu wa rangi ya krimu, na kuchoma panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine.